Namna ya Kuvaa Shati kwa Nusu Saa

Ukishapata barua ya kujiunga na kozi ya tiba kwa vitendo, usikimbilie kununua koti jeupe. Tafuta kanga. Mwombe dada yako akufunge nayo mkono wa kulia, kiganja kibanwe kifuani, fundo alipige mgongoni usikoweza kulifikia. Afanye hivyo Jumamosi asubuhi kabla hujapiga mswaki, na umwapishe asikufungue mpaka jua lizame, hata ukimbembeleza. Na siku hiyo usikae kigeni. Oga, vaa, tandika kitanda, chagua mchele, kisha mchana wasongee ugali watu wote wa nyumbani.

Mswaki utakutoa jasho kidogo. Utaubana kwa meno ndipo uukamulie dawa. Mkanda wa suruali utakula muda. Lakini mwalimu hasa wa siku hiyo ni ugali. Mkono unaosonga unaujua. Usioujua ni ule mwingine, ambao miaka yote umekuwa ukishikilia sufuria isizunguke. Leo huo ndio unaosonga, kwa hiyo sufuria inazunguka pamoja na mwiko, unga unafanya mabonge, na shangazi yako amesimama mlangoni anakutazama. Usijaribu kuibana sufuria kwa miguu. Mtu aliyepooza mkono kwa kiharusi mara nyingi amepooza na mguu wa upande uleule, na huenda hasikii moto; usijizoeze leo jambo ambalo kesho utamfundisha mtu likamwunguza. Nenda kwa fundi wa kuchomelea, umchoree fremu ya nondo ya kukaa juu ya jiko na kuikaba sufuria. Akikuuliza ni ya nini, mweleze vizuri, mfanye rafiki. Mafundi wa kuchomelea utawahitaji maisha yako yote ya kazi.

Jioni, mkono ukiwa bado umefungwa, kaa kwenye mbuzi ukune nazi. Utashangaa kuona inawezekana. Mbuzi haiendi popote kwa kuwa umeikalia. Uzito wa mwili wako umeshika nafasi ya mkono wa pili, na mkono uliobaki una kazi moja tu ya kuzungusha kifuu. Hapo umeishika kanuni ambayo vifaa vingi vya wenye mkono mmoja vimesimama juu yake: kitu kikitulia, mkono mmoja unatosha. Kwa kanuni hiyohiyo utapigilia misumari miwili isiyoshika kutu kwenye kibao, ncha zitokeze juu, upachike kitunguu na kukikatakata kwa raha. Utatandika kitambaa kibichi chini ya bakuli lisiteleze. Vitabu vya kozi vina picha nyingi za vifaa vya namna hiyo vinavyouzwa madukani Ulaya na Marekani. Mbuzi haimo, na kwa maoni yangu inastahili ukurasa wake.

Dada yako akishakufungua, sasa unaweza kwenda chuoni. Tanzania utakwenda Moshi, kwenye viunga vya hospitali ya KCMC; Kenya utakwenda KMTC. Utasoma mifupa, misuli, neva, ubongo, saikolojia na ukuaji wa mtoto, na utakesha kama wanafunzi wengine wa afya. Kisha utapelekwa fildi. Shirikisho la dunia la fani yetu, lililoundwa mwaka 1952, linataka kila mwanafunzi afanye angalau saa 1000 za mafunzo kwa vitendo chini ya msimamizi kabla hajahitimu. Ukisikia saa 1000 utaona ni nyingi. Ukifika wodini utatamani zingekuwa mara mbili.

Wodini wagonjwa watakuita daktari, na ndugu zao watakuuliza kama wewe ndiye yule wa mazoezi. Jibu kwa adabu na kwa ufupi: wenzetu wa fiziotherapia watamsaidia mzee kusimama na kutembea, mimi nimekuja kumuuliza akishasimama anataka kufanya nini. Baada ya hapo uliza kweli, na unyamaze usikilize. Ipo zana ya Kanada, ya tangu mwaka 1991, inayomtaka mgonjwa mwenyewe ataje shughuli zinazomsumbua na kuzipa alama 1 hadi 10: ina umuhimu gani kwake, anaifanyaje sasa, ameridhika kiasi gani. Itumie, lakini ujiandae kwa majibu usiyoyatarajia. Utakuwa umeshaandika kwenye daftari "kutembea mita 20", na bibi atakwambia anachotaka ni kujifunga kanga mwenyewe isimdondoke mbele ya wakwe. Futa mita 20. Anza na kanga.

Tufike kwenye shati, maana ndilo somo lenyewe.

Utamkuta mzee aliyepata kiharusi, upande wa kulia umelegea. Ameshaoga, amekaa ukingoni mwa kitanda, anasubiri kuvalishwa. Mkewe ameshika shati. Wewe una mikono miwili mizima, una miaka ishirini na ushei, na unaweza kumvalisha mzee huyu kwa dakika mbili, ukashukuriwa na ukaombewa dua. Usimvalishe. Msalimie kwa sauti ya kawaida, kwani kiharusi hakijamfanya kiziwi. Mwambie unaomba mvae pamoja. Hakikisha nyayo zote mbili zimekanyaga sakafu na kitanda hakiyumbi. Kisha vuta kigoda, keti upande wake uliopooza, na uikalie mikono yako. Nakusudia hivyo hasa: viganja chini ya mapaja. Hakuna njia nyingine ya kuizuia, kwa sababu mikono ya mwanafunzi mwenye huruma hunyooka yenyewe.

Shati liwekwe mapajani kwake, ndani kutazame juu, kola ielekee magotini, na mkono wa shati wa upande uliopooza uning'inie katikati ya magoti. Sasa mzee, kwa mkono wake mzima, auinue ule uliolegea na kuutumbukiza kwenye tundu la mkono wa shati. Ainame mbele kidogo. Akiinama, mkono unashuka wenyewe kwa uzito wake, na kitambaa kinapanda. Avute mpaka kipite kiwiko, avute tena mpaka begani. Hapa wengi huharakisha, wanaacha shati likiwa chini ya kiwiko, halafu wanashangaa mbona nyuma halifiki. Likishafika begani, ashike kola ailete nyuma ya shingo, aingize mkono mzima upande wa pili, ajinyooshe, avute chini. Vifungo vianzie chini kwenda juu, kwa kuwa vya chini anaviona, na cha kwanza kikikaa mahali pake vingine havipishani. Kanuni aikariri: kuvaa, upande mgonjwa hutangulia, kuvua, upande mzima hutangulia.

Katika nusu saa hiyo utajifunza ngazi za msaada, ambazo darasani zilikuwa maneno matupu. Ngazi ya kwanza ni kungoja. Ngoja kuliko unavyoona ni adabu, kwa sababu ubongo uliojeruhiwa unatafuta njia na hupenda kimya wakati unaitafuta. Akikwama kweli, sema neno moja: "kiwiko." Hotuba ndefu itamchanganya, hasa kama kiharusi kimegusa lugha. Neno lisipotosha, onyesha kwa kidole. Kidole kisipotosha, gusa kiwiko chake kidogo. Mwisho kabisa, weka mkono wako juu ya wake mvute pamoja, kisha uachie mara tu kitambaa kinapopita. Unapoandika ripoti, andika ngazi uliyofikia na mahali alipokwama. "Mgonjwa amevaa kwa msaada" haimwambii chochote mwenzako wa zamu ya kesho. "Amehitaji kuguswa kiwiko wakati wa kuvuta mkono wa shati, mengine amefanya mwenyewe kwa maelekezo" inamwambia aanzie wapi.

Katikati ya haya mkewe atasema, "Mwanangu, msaidie baba yako, huoni anahangaika?" Usimkatize wala usimpe somo la neva. Yeye ndiye atakayeishi na mzee huyu, na kuhangaika kwa mumewe kunamuuma kuliko kunavyokuuma wewe. Mwambie, "Mama, nikimvalisha leo nitakuwa nimejizoeza mimi kuvalisha. Nataka ajizoeze yeye kuvaa." Mpe kazi: ashike kioo, au ahesabu vifungo, au akae mbele ya mumewe ampe moyo. Na ukimwona anamwinua mzee kwa kuvuta ule mkono uliolegea, hapo toa mikono chini ya mapaja upesi umzuie. Bega lililopooza halina misuli ya kulishikilia. Likivutwa hutoka mahali pake kidogo kidogo, na maumivu yake yatamkosesha mzee usingizi na kumfanya aogope kuguswa.

Kuna kifungo kimoja ambacho hakuna juhudi itakayokifunga, nacho ni cha kwenye kifundo cha ule mkono mzima. Mkono hauwezi kujifunga wenyewe. Mpeleke mkewe kwa fundi cherehani, kifungo kishonewe kwa uzi wa lastiki, kifungwe kabla ya kuvaa, mkono upite hapohapo ukiwa umekunjwa vidole. Mzee akiona hilo atacheka, na mara nyingi ndio mcheko wa kwanza tangu alazwe.

Mkono wa kushoto una somo lake, na kwenye vitabu vingi vya kozi hutalipata. Hapa kwetu mkono wa kulia unakula na kusalimia, wa kushoto unakwenda nao msalani. Sasa mtu amepooza kulia. Kushoto ndiko kumebaki, na kazi zote mbili zimeangukia mkono mmoja. Utaona mtu mzima anaacha kula mbele ya watu. Utaona anakonda na madaktari wanatafuta ugonjwa tumboni, kumbe ni haya. Muulize faraghani, mwanamume amuulize mwanamume kama inawezekana, na umuulize kwa maneno ya kawaida. Baadhi watakubali kijiko kwa mkono wa kushoto mara moja. Wengine watataka kwanza kusikia kutoka kwa sheikh wao au padri wao kwamba mwenye udhuru hana lawama. Mwite, ni sehemu ya matibabu. Kisha panga msalani: kopo lenye mpini wa kushikika, maji yawe kwenye kimo cha kiuno, sabuni itundikwe kwa kamba isianguke, na mahali pa kunawa papatikane kabla ya kurudi mezani. Mpe mgonjwa nafasi ya kunawa mbele ya familia bila kutangaziwa. Ukifanya hivi utamrudisha kwenye sinia na wenzake, na uzito utaanza kurudi bila kidonge.

Hapo ndipo utaanza kuvipima vipimo vyenyewe. Kipimo cha Barthel, kilichochapishwa mwaka 1965, kina vipengele kumi na alama 100: kula, kuoga, kujisafisha, kuvaa, haja kubwa, haja ndogo, kutumia choo, kuhama kitandani kwenda kitini, kutembea, kupanda ngazi. Ni kipimo kizuri, chepesi kukijaza, na daktari anakielewa. Lakini bibi yako anakaa nyumba isiyo na ngazi hata moja. Alicho nacho ni choo cha shimo nyuma ya nyumba, mteremko wa udongo mwekundu unaoteleza masika yote, na kuchuchumaa ambako goti lake halitaki. Jaza Barthel, kisha geuza karatasi, uandike nyuma mambo ya bibi huyu: anafikaje chooni, anachuchumaaje, anainukia wapi. Ukienda nyumbani kwake beba tepu ya kupimia. Fundi seremala atatengeneza kiti imara cha mbao chenye tundu la kukaa juu ya shimo, na nguzo mbili za kushikilia ukutani. Pima kimo cha kiti kutoka kwenye goti la bibi. Goti lako liache.

Banzi za mkono zitakupa furaha ya ufundi. Mtoto ameangukia sufuria ya maji ya moto, mgongo wa kiganja umeungua, na kidonda kinapopona ngozi inajivuta. Ukiuacha mkono ukae unavyotaka, vidole vitajikunja vibaya na vitabaki hivyo. Kwa hiyo unaupanga wewe: kifundo kiinuke nyuzi 20 hadi 30, vifundo vya chini vya vidole vikunjwe nyuzi 70 hadi 90, vidole vyenyewe vinyooke, dole gumba likae mbali na kiganja. Kata kwanza kielelezo kwa gazeti, kiwe na urefu wa theluthi mbili za mkono kuanzia kifundo kwenda kiwiko. Kama kuna plastiki ya kulainika, ichovye kwenye maji ya nyuzi joto 65 hadi 70, itoe, ifute maji, uijaribu kwenye ngozi yako ya ndani ya mkono kabla ya kumgusa mtoto. Una dakika chache tu kabla haijakauka. Usiibonyeze kwa ncha za vidole, itaweka mashimo. Ishikilie kwa kiganja kizima. Kingo uzikunje nje. Baada ya nusu saa ivue utazame ngozi: penye wekundu usioondoka, panua. Na kama plastiki haipo, jambo la kawaida kwenye hospitali nyingi, plasta inafanya kazi hiyohiyo kwa uzito zaidi na uchafu zaidi. Jifunze zote mbili. Mwanafunzi anayejua plastiki peke yake atakaa bila kazi siku ambayo bohari imefungwa.

Kiti mwendo nitakieleza kwa haraka kwa kuwa una mafunzo yake maalumu, yaliyoandaliwa na Shirika la Afya Duniani, nayo ni mazuri. Pima upana wa nyonga, kina cha paja, urefu wa mguu wa chini. Jambo moja tu nalisisitiza: mtu akishakaa, ingiza vidole vyako chini ya mfupa wake wa kukalia, baada ya kumwomba ruhusa. Vidole vikichezeka, salama. Vikibanwa visichezeke lakini vikatoka kirahisi, angalia mto. Vikikabwa visitoke, mtu huyo atapata kidonda, na kwa aliyevunjika uti wa mgongo kidonda cha matako kinaweza kumuua. Mpe mto mwingine siku hiyohiyo.

Sasa watoto. Utakaa kliniki ya watoto wenye mtindio wa ubongo, na siku ya kwanza mkufunzi atawaambia mlishane uji. Mwenzako akulaze mapajani kwake, kichwa kining'inie nyuma, macho yatazame dari, akumiminie uji mwepesi kijiko baada ya kijiko. Jaribu kumeza. Jaribu kusema "ngoja". Utapaliwa na machozi yatakutoka, na utatamani kumpiga rafiki yako. Hivyo ndivyo mtoto unayemsubiri amekuwa akila tangu azaliwe.

Mama ataingia na mtoto mgongoni, miaka mitatu, mwili umekakamaa, miguu imepishana. Mwombe amlishe kama nyumbani, na utazame. Atamlaza, atamshika mashavu, atamimina. Mtoto analia, anakohoa, anameza. Usitikise kichwa wala usimnyang'anye kijiko. Mama huyu amemweka hai mtoto huyu miaka mitatu kwa njia hiyo, kwa saa nyingi kila siku, mara nyingi peke yake. Mpongeze, na maneno yako yawe ya kweli. Kisha mweleze kwamba kichwa kikiwa nyuma, njia ya hewa iko wazi, na uji unaingia kifuani. Zile nimonia zinazojirudia huenda zinatoka hapo.

Halafu onyesha. Mkalishe mtoto wima, nyonga zikunjwe vizuri, maana nyonga zikikunjwa mwili mzima hulegea. Kichwa kikae katikati, kidevu kishuke kidogo. Keti mbele yake, macho yako kwenye kimo cha macho yake. Uji uwe mzito kidogo. Mwepesi unakimbia kabla ulimi haujajiandaa. Kijiko kitoke mbele na chini, kikae juu ya ulimi, kibonyeze kidogo, ungoje mdomo ufunge, ukitoe moja kwa moja bila kuukwangua uji kwenye meno ya juu. Kama taya linacheza, weka kidole chini ya kidevu na kidole gumba pembeni. Ngoja ameze. Ngoja tena. Baada ya vijiko vichache mpe mama kijiko, usogee pembeni. Somo halijaisha mpaka yeye mwenyewe amlishe na mtoto asikohoe.

Mama huyu ana swali ambalo huenda asilitamke. Kijijini ameambiwa ni mkosi, au laana ya ukoo, au alifanya jambo akiwa mjamzito, na huenda baba wa mtoto ameondoka kwa sababu hiyo. Usimsubiri aulize. Muulize mtoto alizaliwaje: alichelewa kulia? Alikuwa wa manjano sana siku za mwanzo? Aliugua malaria kali akadegedeka, au homa ya uti wa mgongo? Kisha mwambie wazi, kwa Kiswahili chepesi, kwamba ubongo uliumia, kwamba si laana, na kwamba hakufanya kosa. Kama shemeji au mama mkwe amekuja naye, sema mbele yao pia. Sijui zana yoyote ya tiba yetu inayobadilisha nyumba upesi kuliko maneno hayo yakisemwa na mtu wa hospitali mbele ya watu wa nyumbani.

Kiti cha mtoto huyo mtakitengeneza nyinyi wenyewe kwa karatasi. Mbinu hiyo ilikuzwa Zimbabwe na imeenea Afrika Mashariki: maboksi mazito yanagandishwa kwa gundi ya uji wa ngano, juu yake vipande vya gazeti tabaka kwa tabaka, kila tabaka likauke juani kabla ya lingine, mwisho rangi au vanishi izuie unyevu. Kikikauka kinabeba mtoto bila wasiwasi. Usiwe mvivu wa kusubiri jua; kiti kilichopakwa rangi kikiwa kibichi ndani huoza na kunuka. Na usikitengeneze peke yako ofisini. Kitengenezeni pamoja na kina mama, mkiwa mmekaa mkekani, kwa kuwa kwenye kuchana magazeti ndipo wataambiana mambo ambayo hawatakuambia wewe.

Afya ya akili wanafunzi wengi huiogopa, wakafurahi ikiisha. Nakusihi uiombe mapema. Kijana anayeishi na skizofrenia, ambaye dawa zimeshamtuliza, bado hana la kufanya asubuhi, na siku isiyo na kazi ni ndefu mno. Usimpe shanga za kutunga kwa sababu shanga ndizo zilizo kabatini. Muulize alikuwa anafanya nini. Kama alikuwa anauza chipsi, chemsha mafuta. Gawanya kazi: leo amenye viazi, keshokutwa akate, wiki ijayo ahesabu chenji na mteja wa kweli mbele yake. Utaona umakini, kumbukumbu, usafi wa mikono na subira vyote kwenye karai moja, na utapata cha kuandika kurasa mbili.

Jioni andika logibuku yako siku hiyohiyo. Andika pia jambo usilolielewa, kisha mfuate msimamizi nalo. Wasimamizi wazuri wanampenda mwanafunzi mwenye swali moja zito. Ukipata msimamizi asiye mzuri, mfuate muuguzi wa siku nyingi, mfuate seremala wa karakana ya hospitali, na zaidi ya wote mfuate mgonjwa ambaye ameishi na ulemavu wake miaka kumi. Huyo ameshavumbua njia za kufunga zipu, kubeba ndoo na kupanda daladala ambazo hakuna aliyeziandika. Mwombe akufundishe, na ukizifundisha kwa wengine sema umezipata kwake.

Siku ukihitimu, huenda ukapangiwa hospitali ya wilaya ambayo haijawahi kuwa na mtu wa fani yako. Watakupa chumba cha mwisho wa korido, huenda ni stoo, na watakungoja uwaambie unafanya nini. Usianze kwa kueleza. Nenda wodini asubuhi ya kwanza, tafuta mzee anayesubiri kuvalishwa, na umwalike Mganga Mfawidhi aje kutazama baada ya wiki mbili, mzee akiwa anavaa. Kisha ndipo uandike barua ya maombi: chumba cha chini chenye mlango wa kupitisha kiti mwendo, meza imara, sinki, birika la umeme, plasta, mkasi mzito, kitanda cha chini, jiko, sufuria, na nauli ya kutembelea wagonjwa majumbani. Nauli iweke ya kwanza kwenye orodha, kwani ndiyo watakayoikata. Barua yenyewe ipeleke kwa mkono, ugongewe muhuri ukiona, na nakala ubaki nayo.